Supakompyuta za Japani: maswali ninayoulizwa kila mara

Tangu nianze kuongelea hizi supakompyuta za Kobe, mji wa Japani, watu wananiuliza maswali yaleyale, wengine kwa kutania wengine siriasi kabisa, nimeona bora niyajibu hapa mara moja nipumzike. Nimechukua Japani peke yake kwa sababu ndiyo ninayoifuatilia miaka mingi, halafu stori yao ina kupanda na kushuka, Wamarekani wao wana hela tu.

Hivi supakompyuta ni nini hasa, si kompyuta kubwa tu?

Usifikirie kompyuta moja kubwa kama nyumba. Ni kompyuta ndogondogo maelfu kwa maelfu zimefungwa kazi moja, na ujanja mkubwa uko kwenye waya zinazoziunganisha. Mfano unataka kupiga hesabu ya hali ya hewa ya nchi nzima, unaikata nchi vipande, kila kompyuta inapewa kakipande kake, inapiga hesabu kidogo halafu inamuuliza jirani "kwako upepo umefika wapi?", inapiga tena, inauliza tena. Hapo kwenye kuulizana ndipo mashine nyingi zinapochoka. Kama umewahi kusimamia ujenzi unaelewa, unaweza kuwa na mafundi mia lakini kama tofali halijafika na wa zege anamsubiri wa nondo, mnashinda mmekaa mnakula mihogo.

Kasi yake inapimwa kwa hesabu za desimali kwa sekunde. Kila Juni na Novemba inatoka orodha inaitwa Top500, ilianza 1993, na mtihani wake ni mmoja tu, Linpack, ambao ni kutatua milinganyo mingi sana kwa mpigo. Kumbuka hilo la mtihani mmoja maana ugomvi wote huko chini unatokea hapo.

Kwani Japani walianza lini, si walikuwa wanatengeneza redio na magari?

Miaka ya themanini mwanzoni kampuni tatu, Fujitsu, Hitachi na NEC, ziliingia kwa pamoja kwenye biashara iliyokuwa ya Wamarekani, hasa kampuni ya Cray. Na hawakuingia kinyonge. Mwaka 1993 mwishoni mashine iliyoitwa Handaki la Upepo la Kinamba, ya Fujitsu, kwenye maabara yao ya taifa ya anga, ilishika namba moja duniani. 1996 Hitachi wakashika, kisha mwaka huohuo mashine ya Chuo Kikuu cha Tsukuba ambayo nayo Hitachi walihusika. Zama hizo Mjapani kuwa wa kwanza haikuwa habari.

Wamarekani wakakasirika, na hii watu wengi hawaijui. Mwaka 1996 kituo cha utafiti wa angahewa cha Marekani, NCAR, kilichagua kununua mashine ya NEC, SX-4, kwa ajili ya hali ya hewa. Cray wakaenda kushtaki kwamba Wajapani wanauza kwa bei ya kutupa. 1997 serikali ya Marekani ikaipiga NEC ushuru wa asilimia 454. Ndiyo, mia nne hamsini na nne, sijakosea kuandika. Fujitsu wakapigwa 173. Soko likafungwa hapohapo. Halafu 2001 Cray haohao, hali imewabana, wakaingia mkataba na NEC wa kuuza mashine za NEC Marekani, wakaomba ule ushuru uondolewe, ukaondolewa. Biashara haina aibu jamani.

Earth Simulator ndiyo ipi hiyo, mbona kila mtu anaitaja?

Ndiyo iliyowatia Wamarekani homa. Mradi ulianza 1997, mwaka wa Itifaki ya Kyoto ya kupunguza gesi zinazopasha dunia joto, miaka miwili baada ya tetemeko lililoivunja Kobe, kwa hiyo walitaka mashine ya kuiga dunia nzima ndani ya kompyuta, hewa yake, bahari yake na miamba yake. Aliyeongoza anaitwa Hajime Miyoshi, mzee huyu ndiye aliyekuwa nyuma ya lile Handaki la Upepo pia, alifariki 2001, miezi michache tu kabla mashine haijawashwa. Hakuiona ikikimbia. Hilo huwa linaniuma kidogo kila nikisoma.

NEC waliijenga Yokohama, prosesa 5,120, ikaanza kazi Machi 2002, ikapimwa hesabu trilioni 35.86 kwa sekunde. Aliyekuwa wa kwanza kabla yake, ASCI White ya Marekani, alikuwa na trilioni 7 na kidogo. Yaani hakupitwa, aliachwa mara tano. Jack Dongarra, mmoja wa wenye orodha ya Top500, akaibatiza "Computenik", kwa kuikumbuka Sputnik ya Warusi ilivyowashtua Wamarekani 1957. Ikakaa namba moja kwenye orodha tano mfululizo.

Nikupe kipimo cha leo: kadi moja ya kompyuta ya kampuni ya NVIDIA ya Marekani, H200, kitu unachokibeba kwa mikono miwili, kwa karatasi inafika trilioni 67 za hesabu za aina hiyohiyo. Jengo zima limekuwa kadi, kwa miaka ishirini na kitu.

Ni kweli mbunge aliuliza "kuwa wa pili kuna ubaya gani"?

Kweli kabisa, na Wajapani mpaka leo wanaitania. Novemba 2009, chama kipya kimeingia madarakani, wanakagua bajeti hadharani mstari kwa mstari, wakafika kwenye mradi wa supakompyuta mpya, ile iliyokuja kuitwa K. Mbunge Renhō akauliza kuna sababu gani ya kuwa wa kwanza duniani, kwani wa pili haifai? Wanasayansi waliruka juu, hadi waliowahi kupata Nobel walijitokeza kulalamika, hela zikarudi, si zote.

Mimi nitasema jambo ambalo wapenzi wa kompyuta hawapendi: swali lilikuwa zuri. Jibu ndilo lilikuwa bovu. Wale waliokaa kujibu siku ile walibabaika, wakaongea mambo ya ndoto za taifa, wakati jibu lilitakiwa liwe la vitu: tukiwa na hii mashine tutaweza kupiga hesabu fulani ambayo leo hatuwezi, na nani ataitumia. Na ukiangalia miaka iliyofuata utaona wamejifunza, mashine iliyoifuata hiyo K, Fugaku, waliichora wakianza na programu za watumiaji kabla ya kuchora chipu.

Ongeza na hili, Mei mwaka huohuo 2009 NEC na Hitachi walikuwa wameshajitoa kwenye mradi sababu ya hali ya uchumi, Fujitsu akabaki peke yake. Kwa hiyo zile kampuni tatu za miaka ya themanini zikawa moja. Huo ndio mgeuko mkubwa kuliko yote kwenye hii tasnia na ulipita kimya kimya.

K ni nini sasa, mbona herufi moja?

Kwa Kijapani kuna neno "kei", ni namba, moja yenye sifuri 16 nyuma yake. Lengo lilikuwa hesabu kei moja kwa sekunde, sawa na trilioni 10,000. Juni 2011, miezi mitatu baada ya tsunami ile, ikashika namba moja ikiwa bado haijakamilika, Novemba ikafika trilioni 10,510. Ilikuwa Kobe, kwenye kisiwa cha kutengenezwa kinachoitwa Port Island, chini ya RIKEN, taasisi ya utafiti ya serikali. Ikazimwa Agosti 2019 kupisha nyingine palepale.

Fugaku ikoje kwa ndani? Nieleweshe kama fundi.

Haya tusogee karibu. Fugaku ni jina lingine la Mlima Fuji, walilichagua 2019 kwa sababu mlima una kilele kirefu na kitako kipana, kilele ni kasi, kitako ni watumiaji wengi.

Chipu yake ni A64FX, waliichora Fujitsu na RIKEN, inaongea lugha ya Arm, ukoo uleule wa chipu ya simu yako hiyo unayosomea. Ina viini 48 vya kazi na vichache vya kusaidia mambo ya mfumo. Cha kutazama ni memori: haikukaa mbali kwenye vile vijiti tunavyochomeka kwenye kompyuta za mezani, imebandikwa pembeni kabisa mwa chipu kwenye kifurushi kimoja, giga 32 tu. Ukiona 32 utasema mbona ndogo, laptop yangu inayo, lakini kasi ya kuingiza na kutoa data ndiyo kila kitu. Ni kama jiko la mama ntilie, kila kitu kiko umbali wa mkono, chumvi hapa mwiko hapa, hazunguki.

Chipu mbili zinakaa kwenye bodi moja, juu yake mabomba ya shaba ya maji ya kupoza, ukiiangalia picha utadhani ni kazi ya fundi bomba. Kabati lililojaa lina chipu 384. Makabati ni 432, mengine 396 yamejaa na 36 yana nusu, ukizidisha unapata 158,976, na kila chipu ni kompyuta kamili. Zilikuwa zinaunganishwa mkoani Ishikawa halafu zinapakiwa kwenye malori kwenda Kobe, la kwanza liliondoka Desemba 2019 na la mwisho Mei 2020, yaani katikati ya korona.

Ilikuwa ya kwanza, sasa naona ni ya saba, imeshazeeka?

Juni 2020 ilishika namba moja, ikakaa orodha nne, Novemba 2020 ikaongezwa hadi trilioni 442,000 kwa sekunde. Juni 2022 Frontier ya Marekani ikapita. Kwenye orodha ya Juni 2025 Fugaku ni ya 7.

Ila kumbuka nilichosema kuhusu mtihani mmoja. Kuna mitihani mingine, HPCG unaofanana zaidi na kazi halisi za wahandisi, na Graph500 wa kuzunguka kwenye mitandao ya data, huko Fugaku iliendelea kuongoza muda mrefu baada ya kushushwa kwenye Top500. Sababu ni ile memori ya mama ntilie. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, imezeeka kwenye mbio za mita mia, kwenye kulima bado.

Sawa, lakini inafanya nini cha maana?

Hapa naweza kuongea hadi asubuhi.

Nianze na korona kwa sababu ilitumika hata kabla haijafunguliwa rasmi. Timu ya Makoto Tsubokura walikuwa na programu ya kuiga hewa inayopita kwenye injini na kwenye mwili wa gari, wakaigeuza ikawa ya kuiga mate. Mtu akikohoa, akiongea, akiimba kwaya, vitone vinakwenda wapi. Waliigiza darasa, treni, teksi, ukumbi, meza ya hoteli. Kwenye meza walikuta mtu anayekaa ubavuni kwako ndiye anayepata vitone vingi ukimgeukia kuongea naye, kuliko anayekaa mbele yako, na sisi wote tulikuwa tunamwogopa wa mbele. Walikuta hewa kavu inafanya vile vidogo kabisa vielee zaidi, na ile ngao ya plastiki ya usoni haizuii kama barakoa. Matokeo yalikuwa yanarushwa kwenye televisheni, rangi nyekundu na bluu zinatoka mdomoni mwa kikatuni, bibi yeyote anaelewa. 2021 kazi hiyo ilipewa tuzo maalumu ya korona ya Gordon Bell, tuzo kubwa ya watu wa supakompyuta.

Halafu mvua. Wajapani wana mvua wanaiita ya msituni kwa maana ya wapiganaji wa msituni, inatokea ghafla sehemu ndogo, nusu saa imeshajaza mtaro na imekwenda. Utabiri wa kawaida hauioni. Kiangazi cha 2021 timu ya Takemasa Miyoshi (si yule mzee wa kwanza, majina tu) walichukua rada mpya inayopiga picha ya mawingu kila sekunde 30, wakailisha Fugaku, nayo kila sekunde 30 inatoa utabiri mpya wa nusu saa mbele kwa eneo la Tokyo. Kila sekunde thelathini! Data iingie, ihesabiwe, itoke, na picha inayofuata iko mlangoni tayari. Hiyo ni kazi ngumu kuliko namba yoyote ya Top500.

Matairi nayo. Sumitomo Rubber walitumia K kuangalia mpira unavyovutika kwenye ngazi ya molekuli, wakatoa tairi sokoni 2016. Ukiambiwa supakompyuta ya mabilioni ya yeni imetengeneza tairi unaweza kucheka, lakini tairi inayosuguka taratibu na kula mafuta kidogo ni hela hiyo.

Tsunami, matetemeko, dawa, betri, zipo pia, sizimalizi.

Sisi huku Afrika Mashariki inatuhusu nini?

Inatuhusu kuliko unavyodhani, na si habari ya kubembeleza. Unakumbuka vuli ya 2019? Mvua haikukatika Oktoba hadi Desemba, mafuriko Kenya, Somalia, Tanzania, barabara zimekatika. Chanzo chake ni kile wataalamu wa hali ya hewa wanaita Dipoli ya Bahari ya Hindi: maji ya upande wetu yanapata joto kuliko kawaida, ya upande wa Sumatra yanapoa, mawingu yanahamia kwetu, na Indonesia na Australia wanabaki na ukame na moto. Kitu hicho kilielezwa 1999 na watafiti waliokuwa Japani, Saji kutoka India na Toshio Yamagata na wenzao.

Na wale jamaa hawakuishia kukipa jina. Taasisi yao ya bahari, JAMSTEC, ina modeli inaitwa SINTEX-F ambayo walikuwa wanaiendesha kwenye Earth Simulator, ilitabiri dipoli ya 2006 na ile ya 2019 miezi mingi kabla. Kwa hiyo mkulima wa Manyara akisikia redioni kwamba vuli itakuwa juu ya wastani, sehemu ya hiyo habari imepikwa pia na mashine za Yokohama. Swali la kwa nini taarifa haimfikii mapema na kwa lugha ya shambani, hilo si la supakompyuta, hilo ni letu.

Nani anaruhusiwa kuitumia? Mpaka uwe profesa?

Kuna utaratibu unaitwa HPCI, upo tangu 2012, unaunganisha Fugaku na mashine za vyuo vikuu. Unaandika andiko, linapitiwa, ukikubaliwa unapewa saa. Ukikubali kuchapisha matokeo yako hulipii. Kampuni inayotaka kuficha matokeo inalipa. Nimependa huo mpango, siri ina bei.

Ukishapewa saa usidhani unaiwasha ukakaa mbele yake. Unaingia kwa skrini nyeusi ya maandishi, unaandika faili fupi linalosema nataka kompyuta 384 kwa saa mbili, programu yangu ni hii, unaituma kwa amri ya pjsub, unapewa namba. Halafu unasubiri. Kila ukiandika pjstat unaona namba yako bado iko foleni, kama kliniki, umeshika kadi namba 87 na daktari yuko wa 31. Ukiomba muda mrefu sana foleni inakuwa ndefu zaidi, ukiomba mfupi kazi inakatwa katikati na matokeo yamepotea, kwa hiyo wazoefu wanajua kukadiria. Wageni wote wanaomba kupita kiasi.

Umeme inakula kiasi gani?

Kwenye ule mtihani Fugaku ilikula karibu megawati 30. Mtera yetu ina uwezo wa megawati 80, piga hesabu mwenyewe.

Na hapa ndipo penye maumivu. El Capitan, ya kwanza duniani tangu Novemba 2024, inakula umeme karibu uleule, megawati 29 na ushee, na inatoa karibu mara 4 ya Fugaku. Tofauti ni miaka minne ya chipu lakini pia ni GPU, zile chipu za kadi za picha. Fugaku haina hata moja, ilichorwa hivyo makusudi, ili programu za zamani zihamie bila kuandikwa upya. Wakati wanaichora ulikuwa uamuzi wa akili, mfano wa majaribio wa chipu yake ulikuwa wa kwanza duniani kwa kubana umeme Novemba 2019. Dunia ikageuka haraka.

Data ikipotea inakuwaje?

Inauma. Desemba 2021 supakompyuta ya Chuo Kikuu cha Kyoto ilifuta tera 77 za watafiti, mafaili kama milioni 34, vikundi 14. Si wadukuzi. Ilikuwa skripti, yaani faili la amri, ya bakapu, ile ya kulinda data. Kampuni iliyouza mtambo iliiboresha skripti wakati ya zamani bado inakimbia, sasa zile skripti zinasomwa kidogokidogo wakati zinaendeshwa, ikafika katikati ikakuta mistari imebadilika na jina la folda liko tupu, na amri ilikuwa "futa vilivyozidi siku kumi". Ikafuta. Vikundi vinne kati ya hivyo data zao hazikurudi kabisa. Kampuni ilikubali kosa ni lake.

Mimi tangu nisome hiyo sijawahi kuhariri skripti inayokimbia, hata ikiwa ya mistari mitatu.

Nilisikia kulikuwa na kampuni ndogo iliyotikisa halafu ikaanguka kwa kesi?

PEZY. Kampuni changa ya Tokyo, chipu yao wenyewe, mashine zao wanazitumbukiza kwenye kimiminika kama unakaanga chipsi, tofauti hii inapoza. 2015 mashine yao Shoubu ilikuwa ya kwanza kwa kubana umeme. Novemba 2017 Gyoukou yao ikashika namba 4 duniani, watu wakashangilia. Mwezi uliofuata mkuu wao akakamatwa kwa udanganyifu wa ruzuku ya serikali. Miezi michache baadaye mashine ikazimwa. Teknolojia ilikuwa ya kweli, risiti ndizo hazikuwa.

Na akili mnemba? Japani wamechelewa?

Wamechelewa kiasi, ila si kwamba walilala. Mashine za TSUBAME, za chuo ambacho sasa kinaitwa Institute of Science Tokyo, ziliweka GPU tangu 2008, mapema kuliko karibu kila mtu. Aliyezisimamia, Satoshi Matsuoka, ndiye mkuu wa kituo cha Kobe tangu 2018. Kwa hiyo ujuzi walikuwa nao, mashine kubwa ya taifa ndiyo ilikwenda njia nyingine.

Walijaribu kuifundisha Fugaku lugha. Mei 2024 walitoa Fugaku-LLM, modeli ya lugha ya vigezo bilioni 13, imefundishwa kwa kompyuta 13,824 za Fugaku na karibu asilimia 60 ya maandishi yake ni Kijapani. Inafanya kazi, lakini ni kama kusomba mchanga kwa teksi, inawezekana, utachoka.

Mwelekeo wenyewe unauona kwenye manunuzi. ABCI 3.0, ya taasisi ya serikali AIST, ilifunguliwa Januari 2025, kadi 6,128 za H200, na aliyeijenga ni HPE wa Marekani. ABCI ya kwanza 2018 ilijengwa na Fujitsu. Miyabi, ya vyuo vya Tokyo na Tsukuba, imejengwa na Fujitsu lakini ndani ni NVIDIA. SoftBank nao wana mashine zao binafsi. Yaani jina la nje linaweza kuwa la Kijapani, moyo unatoka nje.

NEC na zile mashine zao waliishia wapi?

Waliendelea na prosesa za aina ileile ya zamani hadi za juzijuzi, wakazigeuza kadi za kuchomeka, SX-Aurora TSUBASA. Nzuri kwa bahari na hewa. Soko likawa dogo mno.

FugakuNEXT ni lini, na kwa nini NVIDIA wameingizwa?

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote sasa hivi. Agosti 2025 RIKEN walitangaza: Fujitsu watachora prosesa kuu, inaitwa MONAKA-X, na GPU zitatoka NVIDIA. Ianze kazi karibu 2030, palepale Kobe, umeme usizidi sana wa sasa, karibu megawati 40, na lengo ni programu zikimbie hadi mara 100 ya Fugaku. Usidanganyike kwamba mara mia zote ni chuma. Sehemu kubwa inatoka kwenye kupiga hesabu kwa namba fupi zaidi na kuiachia akili mnemba ikisie mahali ambapo zamani ulikokotoa kila kitu.

Kwa mara ya kwanza mashine yao kuu ya taifa inakuwa na GPU ya Mmarekani ndani. Kuna Wajapani wameumia, na naelewa, umetoka kupigwa ushuru wa asilimia 454 mpaka kumkaribisha sebuleni. Lakini nilipokaa na zile megawati 30 mbili za Fugaku na El Capitan sikuona wangefanyaje. Kutengeneza GPU yako peke yako, na programu zake zote ambazo dunia nzima imezizoea, ni miaka na hela ambayo hata Marekani serikali haiitoi, inatoa soko la watu wanaochati na roboti. Fujitsu wamebaki na kile wanachokijua, prosesa na jinsi ya kuunganisha maelfu. Mimi ningechukua hiyo. Nisichokipenda ni kwamba huyo muuzaji mmoja ameshaingia kila mahali, akibana au akipandisha bei 2032 huna wa kumkimbilia.

Kompyuta za kwanta hazitaziua hizi?

Hapana. Juni 2025 IBM waliweka mashine ya kwanta, inayopiga hesabu kwa kutumia tabia za ajabu za chembe ndogo kabisa, kwenye jengo la RIKEN hapo Kobe na kuiunganisha na Fugaku. Zinagawana kazi, moja inafanya kipande chake kigumu na Fugaku inafanya mengine yote. Ukisikia mtu anasema supakompyuta zimekwisha mwulize atatabiri mvua na nini.

Naweza kwenda kuiona?

Kituo huwa kinafungua milango siku maalumu na ziara za vikundi zipo kwa kuomba. Ukishuka kituo cha treni cha Sannomiya unapanda Port Liner, ile isiyo na dereva, kaa mbele kabisa kwenye kioo uone njia, shuka Keisan Kagaku Center. Zamani kituo hicho kiliitwa kwa jina la K, K ilipozimwa wakabadilisha 2021 na hawakukipa jina la Fugaku, wakaweka tu "kituo cha sayansi ya kukokotoa", nadhani walichoka kubadilisha vibao.